Mbwa Uani na Bwana Wake Safarini

Kila ukaribiapo mwisho wa mwaka, wakati mabasi ya kwenda Moshi na Arusha yanapojaa tangu alfajiri na magari ya watu wa Nairobi yanapoelekea Kisumu, Kakamega na Nyeri, huzuka katika nyumba za miji yetu suali ambalo jawabu lake halijakubaliwa na wote: mbwa afanyweje? Watu wa nyumba wanaondoka, mlango unafungwa kwa kufuli, taa ya barazani inaachwa ikiwaka, na mnyama aliyezoea kulishwa kila jioni anabaki uani, amezungukwa na ukuta pande zote. Wako wasemao kwamba hapo ndipo mahali pake, maana amefugwa kwa ajili ya ulinzi, na ulinzi huhitajiwa zaidi nyumba iwapo tupu. Wako wasemao kwamba kumwacha hivyo ni ukatili usio na udhuru. Wako wanaomwachia lango wazi akajitafutie. Na wako, nao si haba, wasiolifikiri jambo hilo hata kidogo mpaka wamekwisha fika nusu ya safari. Suali hilo hilo, kwa umbo dogo zaidi, huwakabili kila siku wale waondokao kwenda kazini kabla ya jua kuchomoza na kurudi giza limekwisha ingia.

Madhali kila upande una hoja zake, na madhali anayelipa gharama ya kosa ni mnyama asiye na ulimi wa kushitaki, na mara nyingine ni mtoto wa jirani aliyeumwa njiani, yafaa jambo hili lipimwe kwa utulivu na insafu. Sehemu kubwa ya mchafuko uliomo katika mazungumzo ya watu yatokana na kuyachanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali: mbwa kuwa nje, mbwa kuwa peke yake, na mbwa kufungwa. Ateteaye la kwanza hushambuliwa kama kwamba ametetea la tatu, na ajibuye la pili hudhani amekwisha jibu la kwanza. Yakitenganishwa, kila moja lina hukumu yake.

Asili ya tatizo

Kufuga mbwa nje ya nyumba si uzembe wa watu wa leo, bali ni desturi ya kale iliyokuwa na akili ndani yake. Kwa mfugaji wa bara, mbwa alifuata mifugo malishoni mchana na kulala zizini usiku. Kwa mwindaji alikuwa mwenziwe wa porini. Na kwa mkulima alifukuza nyani na nguruwe shambani. Pwani, ambako wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa yalihesabiwa kuwa najisi, na kwa sababu hiyo mnyama huyo hakuingizwa chumbani wala hakukaribishwa mahali pa kusalia. Popote pale, basi, mbwa alikaa nje. Walakini hakukaa peke yake, maana nyumba ya zamani haikuwa tupu hata siku moja: alikuwako nyanya aliyekaa kibarazani, walikuwako watoto, wakwe, watwana wa kazi na majirani waliopita kuomba moto. Mbwa aliyekosa maji alionekana, na mbwa aliyeumwa alisikika.

Kilichobadilika ni nyumba, si mbwa. Katika vitongoji vya Dar es Salaam kama Kimara, Tabata na Mbezi, na katika mitaa ya pembezoni mwa Nairobi na Mombasa, jamaa ndogo ya baba, mama na watoto wawili watatu inaishi ndani ya ukuta mrefu wenye lango la chuma. Wazazi wote wawili ni wafanyakazi, watoto wako shuleni, na msaidizi wa nyumbani, ambaye ndiye aliyebaki kuwa jicho la mchana, naye ana kwao anakotamani kwenda Krismasi au Idi ikifika. Ukuta uliojengwa ili mwizi asione ndani humzuia jirani pia asione ndani. Desturi ya kumweka mbwa nje imebaki vile vile, ilhali sharti lililoifanya desturi hiyo iwe salama, yaani kuwako kwa mtu, limeondoka kimya kimya bila ya wengi kuligundua. Hapa ndipo mzizi wa tatizo lote, na mtu asiyeuona mzizi huu atabishana juu ya matawi mpaka mwisho.

Hoja ya wanaosema mbwa ni mnyama wa uani

Wanaoshika upande huu wana nguvu zaidi kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Mbwa ni mnyama mwenye manyoya, pua kali na miguu ya kukimbia, na uwanja wenye kivuli, udongo wa kulalia na harufu za kufuatilia humfaa kuliko chumba kilichofungwa madirisha. Mbwa wengi wa kienyeji wa Afrika Mashariki, wembamba, wenye manyoya mafupi na masikio yaliyosimama, wamezaliwa na kukulia katika hali hii kwa vizazi vingi, na mbwa mkubwa hutumia sehemu kubwa ya mchana amelala, bwana wake awepo asiwepo. Fauka ya hayo, sauti ya mbwa ni ulinzi wa kweli: si meno yake yanayomkimbiza mwizi, bali ni kelele inayowaamsha watu.

Hapo hapo ndipo udhaifu wa hoja hii unapojitokeza. Kelele ya mbwa ina faida pale tu palipo na mtu wa kuamshwa nayo. Nyumba ikiwa tupu kwa juma zima, mbwa atabweka usiku wa kwanza, majirani watatoka. Atabweka usiku wa pili, watageuka kitandani. Usiku wa nne watakuwa wamekwisha kumzoea, na mwizi anajua hesabu hiyo vizuri kuliko mwenye nyumba. Tena mbwa mwenye njaa ni mlinzi anayenunulika kwa bei ndogo. Kipande cha nyama kilichotiwa sumu na kurushwa juu ya ukuta ni hila ya kale inayojulikana kote, na mbwa aliyeshiba kwa mkono anaoujua aweza kuikataa, lakini aliyekaa siku mbili bila ya chakula hatauliza kimetoka kwa nani. Kwa hiyo yule amwachaye mbwa peke yake ili alinde mali, aghalabu hapati ulinzi aliotumaini, na mnyama naye humpoteza.

Tuyatazame na maumbile. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu, ila kidogo katika nyayo. Hujipoza kwa kuhema huku ulimi umetoka, ili unyevu wa kinywa na koo uvukizwe na hewa. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kati ya Disemba na Machi, hupita nyuzi 31 za sentigredi mchana na tena imejaa unyevu, na unyevu huo ndio unaouzuia upozaji wa namna hiyo usifanye kazi. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni baina ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41 mnyama yumo hatarini, na pasipo mtu wa kummwagia maji na kumpeleka penye upepo aweza kufa kwa muda wa saa chache. Banda la bati lililojengwa kwa nia njema katikati ya uwanja usio na mti huwa na joto ndani kuliko nje, na mbwa mwenye akili hulikimbia. Ama maji, mbwa huhitaji kadiri ya mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, maana yake mbwa wa kilo 20 hunywa lita moja au zaidi, na siku za joto huhitaji zaidi sana. Sufuria moja ya maji ikipinduliwa saa tatu asubuhi, hesabu yote imeharibika, na hakuna wa kuijaza tena.

Chakula nacho, ambacho wenye safari hudhani wamekwisha kukimaliza kwa kumwaga ugali na dagaa wa siku tatu katika karai, hakiwezi kudumu. Hadi jioni kimechacha. Sisimizi na panya wamekifikia. Na pwani, kunguru walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka, ambao leo wametapakaa miji yote ya mwambao, hukimaliza mapema kabla mbwa hajaamka usingizini.

Hoja ya wanaosema ni ukatili

Upande wa pili huanza na tabia ya mbwa mwenyewe. Mnyama huyu ameishi na wanadamu kwa zaidi ya miaka 14,000, na katika muda huo amekuwa kiumbe wa ujamaa ambaye kundi lake ni watu wa nyumba. Akiachwa peke yake mno, wengine huchimba chini ya ukuta, wengine hubweka na kulia mfululizo, wengine hujilamba miguu mpaka ngozi ikatoka, na wengine hunyamaza na kukataa kula. Wenye hoja hii hutaja mifano ya nchi za Ulaya: Uswidi imeagiza kwamba mbwa aliye ndani atolewe nje angalau kila baada ya muda wa saa sita wakati wa mchana, na Ujerumani, tangu mwaka 2023, imekataza kumfuga mbwa kwa kumfunga mnyororo.

Haki yao katika hoja hii ni kubwa, lakini wako baadhi yao wanaovuka mpaka. Kumtia mbwa ndani ya nyumba ya matofali iliyofungwa madirisha, Januari, umeme ukiwa umekatika, si huruma kuliko kumwacha chini ya mwembe. Na kumwambia mfanyakazi wa kima cha chini kwamba haifai kabisa kuwa na mbwa ikiwa atatoka kwa muda wa saa nane ni kuwanyima mbwa wengi makazi na kuwanyima watu wengi walinzi, huku mbwa mzima mwenye afya, mwenye kivuli, maji na uwanja, aweza kuzimaliza saa nane hizo bila ya madhara akijua kwamba jioni watu watarudi. Mtoto wa mbwa, mbwa mzee, mgonjwa na mwenye mimba hawamo katika ruhusa hii. Hao hawana subira hiyo katika miili yao.

Tofauti iliyo muhimu, basi, ni baina ya mchana mmoja na usiku mmoja. Mchana wa kazi una mwisho unaojulikana, na kosa lolote lililotokea, sufuria kupinduka au mguu kukatwa na chupa, litaonekana kabla jua halijatua mara ya pili. Ukishapita usiku pasipo mtu, kosa dogo lapata nafasi ya kuwa msiba. Nyoka mmoja aina ya swila akimtemea mbwa machoni, au kupe wachache wakimwambukiza homa, ni jambo linalotibika kwa mtu aliyeliona siku ile ile, na ni kifo kwa mnyama ambaye hakuna aliyemtazama. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga.

Mnyororo, ukuta na lango wazi

Wale wanaokubali kumwacha mbwa nje hawakubaliani juu ya namna ya kumwacha, na hapa njia ni tatu, kila moja na bei yake.

Mnyororo ni njia rahisi na ndiyo mbaya kupita zote. Huzunguka mti na kufupika mpaka mbwa asiufikie ukingo wa kivuli wala chombo cha maji. Humnyima nafasi ya kujitenga na haja zake mwenyewe. Na humzoeza kuona kila anayekaribia kuwa ni adui asiyeweza kumkimbia, jambo ambalo humfanya mkali kwa namna isiyomfaa hata bwana wake. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, fataki zinapolia saa sita, mbwa aliyefungwa karibu na ukuta huruka kwa hofu na kuning'inia upande wa pili. Kumfunga mbwa kwa dakika chache mgeni anapoingia ni jambo moja. Kumfunga na kusafiri ni jambo jingine, na halina utetezi.

Lango wazi lina sura ya huruma, na ndiyo sababu limewadanganya watu wengi wema. Mbwa aliyeachiwa ajitafutie huungana na wengine jalalani, hukanyagwa na bodaboda, huzaa na kuzalisha, na zaidi ya yote huingia katika mnyororo wa ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu, ambao Louis Pasteur alianza kuwachanja watu dhidi yake mwaka 1885, bado unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na kwa Tanzania makadirio yamefika kiasi cha watu 1,500 kwa mwaka, wengi wao watoto. Dalili zikisha kuonekana, karibu hakuna anayepona. Wataalamu wamethibitisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa ugonjwa huweza kukatika, na Pemba ni shahidi: uliingia mwaka 2010, ukakomeshwa kwa chanjo kufikia 2014, ukaingia tena 2016, na ukakomeshwa tena 2018. Wala isidhaniwe kuwa mbwa wazururao mitaani hawana wenyewe, maana wengi wao wana nyumba zao zinazojulikana. Ni milango tu iliyoachwa wazi.

Katika jambo hili kutokuwapo kwa mwenye mbwa kuna madhara ambayo watu hawayatii katika hesabu. Mbwa akimuuma mtu, desturi ya matabibu ni kumweka mbwa huyo chini ya uangalizi kwa siku 10, kwa kuwa aliyekuwa na virusi katika mate yake wakati wa kuuma ataonyesha dalili au atakufa ndani ya muda huo, na mwenye jeraha huanzishiwa chanjo bila ya kungoja. Nani atamwangalia mbwa ambaye bwana wake yuko safari ya kilomita 500, na nani atajua kama alichanjwa, cheti kikiwa kimefungiwa kabatini? Vivyo hivyo, mbwa akiumwa na mwenziwe usiku, jeraha laweza kupona kabla ya bwana kurudi, na ugonjwa ukatokea baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, katikati ya watoto wanaomkumbatia.

Ukuta mzima, mbwa akiwa amefunguliwa ndani yake, ndiyo njia bora kuliko hizo mbili, mradi ukuta huo usiwe na tundu, uwe na kivuli cha asubuhi na kivuli cha alasiri, maana jua huhama, na maji yawe katika vyombo viwili vizito visivyopinduka. Lakini ukuta ni kinga tu. Hauwezi kutazama, hauwezi kuamua, wala hauwezi kumwita daktari wa mifugo.

Sheria na dini

Sheria za nchi zetu hazikukaa kimya. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayohesabu kumnyima mnyama chakula na maji kuwa ni kosa, na ina chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilichoanza kazi Nairobi mwaka 1910. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Udhaifu wa sheria hizi hauko katika maneno yake bali katika utekelezaji: afisa hapandi ukuta kuchungulia, na jirani huona haya kumshitaki jirani.

Kwa Waislamu wengi wa mwambao, dini ina nguvu zaidi ya afisa, na hapa pana kosa la fahamu linalofaa kusahihishwa kwa adabu. Watu huchukua hukumu ya najisi kuwa ni hukumu ya dharau, na hizo ni mbili tofauti. Mafundisho yale yale yanayoamuru chombo kilicholambwa na mbwa kioshwe mara saba yameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Yamesimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumteremkia kisimani mbwa aliyekuwa na kiu na kumpandishia maji katika kiatu chake. Na yamesimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie akajitafutie. Kisa hiki cha pili, ingawa ni cha paka, ndicho hasa kisa cha mbwa aliyefungiwa uani na watu wamesafiri. Wakristo nao wamefundishwa katika kitabu cha Mithali kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Hakuna dini kati ya hizi inayomlazimisha mtu kumlaza mbwa kitandani. Zote zinamlazimisha asimfungie na kumsahau.

Kupima

Yakiwekwa yote katika mizani, hoja ya gharama ndiyo inayobaki, nayo ni hoja ya kweli kwa watu wengi. Kumpeleka mbwa kwa watunzaji wa kulipwa, wanaopatikana katika miji mikubwa, huenda kukazidi uwezo wa jamaa iliyokwisha kukopa nauli. Kumlipa kijana wa jirani alale katika nyumba ni nafuu, lakini ni kumwamini mtu na funguo. Kumwomba jirani arushe chakula juu ya ukuta ni bure, nako ni hatua tu ya kwanza, maana arushaye chakula hamwoni mbwa. Hajui kama amekula, kama anachechemea, au kama karai la maji ni kavu. Kati ya njia hizi, iliyo bora kwa watu wa kipato cha kawaida ni ya pili, na ujira wa kijana huyo uhesabiwe pamoja na nauli tangu siku safari inapopangwa, kwa kuwa ni sehemu ya gharama ya safari, si hisani. Tena nyumba yenye mtu ndani na mbwa uani ndiyo nyumba inayolindwa. Manufaa ya mnyama na manufaa ya mali hapa hayagombani hata kidogo.

Hukumu yangu ni hii. Mbwa mzima na mwenye afya, aliyechanjwa, aliyefunguliwa ndani ya uwanja uliofungwa, mwenye kivuli na maji ya kutosha, anaweza kuachwa nje peke yake kwa mchana wa kazi, na mwenye kumwacha hivyo hastahili lawama. Mbwa aliyefungwa mnyororo asiachwe peke yake hata saa moja. Na mbwa yeyote, awe wa ulinzi au wa mapenzi, asilale usiku mmoja katika nyumba ambayo hakuna mtu mzima aliyetajwa kwa jina kuwa ndiye mwenye dhamana yake.

Basi wewe unayefunga mizigo, kabla hujakata tiketi mtafute mtu huyo, umwonyeshe mbwa, na mbwa amzoee siku mbili tatu ukiwapo, kisha umwachie ufunguo, cheti cha chanjo, namba ya simu ya daktari wa mifugo na fedha za matumizi. Asipopatikana, mpeleke mbwa kwa ndugu au kwa mtunzaji. Na hilo nalo lisipowezekana, mmoja wenu na abaki nyumbani.